Lifti Haijatajwa

Kanisa letu liko ghorofa ya saba, na magoti ya Mama yalikuwa yanaishia ya pili. Hiyo ndiyo shida yote. Mengine nitakayosimulia ni watu wazima, wenye akili zao na miwani yao, kuikalia shida hiyo vikao mpaka ikazaa.

Mimi ni fundi cherehani. Kiduka changu kiko chini ya jengo hilohilo, mlango unatazamana na ngazi, na pembeni ya ngazi kuna lifti. Kwa miaka mingi lifti hiyo ilikuwa imekufa. Watu walikuwa wameugeuza mlango wake ubao wa matangazo: chumba kinapangishwa, paka amepotea, dawa ya chunusi inapatikana. Waumini walipanda ngazi wakihema, na kila Jumapili Mama aliketi dukani kwangu, kwenye kiti changu cha kushonea, mlango wazi, akisikiliza ibada inavyoteremka. Nyimbo zilikuwa zinafika zimechoka. Mpaka aitambue tuni, kwaya ishamaliza mstari, basi akawa anaimba peke yake, nyuma ya wenzake, huku akipiga makofi kwenye goti bovu. Mimi nilikuwa nainama chini ya meza nijifanye natafuta sindano, kwa sababu nisingeinama ningelia.

Na huyu si muumini wa kuokotwa njiani. Kanisa lile lilianzia sebuleni kwake, meza ya chakula ikiwa mimbari na sisi watoto tumefukuzwa jikoni. Alichotaka ni kimoja tu: kukaa tena kwenye kiti chake, safu ya kwanza kando ya dirisha, aimbe pamoja na watu kabla hajafa. Alikuwa anasema hivyohivyo, "kabla sijafa," bila kujikamua machozi, kama mtu anayekukumbusha ununue chumvi kabla duka halijafungwa.

Sasa kikulacho ki nguoni mwako. Aliyesimama kati ya Mama na kiti chake ni mdogo wake wa kuzaliwa, mjomba wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Imeandikwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni. Alipostaafu hakukuwa tena na mizani ya kukagua, na mtu aliyezoea kukuta kosa kila asubuhi hawezi kuamka hivihivi. Akaunda Kamati ya Yasiyotajwa, akajifanya mwenyekiti.

Kamati hiyo ilizaliwa na ugomvi wa feni. Kuna ndugu aliuliza, kama Biblia haitaji feni, sisi tunapepewa kwa ruhusa ya nani? Mchungaji wetu ni mtu mwema, lakini ni wa kuuma na kupuliza. Akasema swali ni zuri na jibu pia litakuwa zuri. Ndipo Mjomba akaja na utaratibu wake. Kila kitu kisichotajwa, alisema, kisimamishwe kwanza, kisha kitafutiwe ndugu ndani ya Maandiko, kama mtu anayekuja kuposa anavyoulizwa ukoo wake. Kikipata ndugu wa heshima, kiingie. Kikikosa, au kikipata ndugu mwenye sifa mbaya, kibaki nje. Feni ikapata upepo wa siku ile ya Pentekoste, ikapita kwa makofi.

Baada ya hapo hakuna kilichosalimika. Viti vya plastiki vilipita, ila ni marufuku kuegemea nyuma, kwa sababu kuhani Eli alianguka kinyumenyume kutoka kitini akavunjika shingo. Miwani ilipita kwa shida. Paulo anasema kwa sasa tunaona kwa fumbo, kwa hiyo wenye miwani wakatakiwa wasiifute sana. Pipi za kutafuna zilianguka. Mnyama safi sharti acheue na awe na kwato zilizopasuka, na vijana wetu walikuwa wanatafuna tu, miguu mizima. Zipu ndiyo iliyoniumiza mimi. Jamaa pekee aliyepatikana ni kusaga meno, na kusaga meno mnajua kuko wapi. Tangu hapo nashona suruali za vifungo kuanzia kiunoni hadi kunakohusika, na wanaume wa kanisa letu wakienda msalani wanaaga kabisa.

Nilicheka hayo yote. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nikaacha kucheka siku mwenye jengo alipoleta fundi wa lifti.

Fundi alikuwa kijana mpole mwenye mafuta ya mashine mpaka masikioni. Alihangaika na nyaya kwa muda, akabandua yale matangazo, akabonyeza kidude, na ule mlango ukafunguka. Ndani kulikuwa na taa. Mama aliinuka kwenye kiti changu akaenda kuangalia, akaushika ule ukuta wa ndani kama anashika paji la uso wa mgonjwa aliyepona.

"Inafika mpaka saba, baba?"

"Inafika, mama. Ukipumua mara mbili umeshafika."

Wiki ile nilimshonea gauni la bluu. Jumapili akavaa, akajipaka mafuta, akashika fimbo yake, tukasimama mbele ya lifti. Mlango ukafunguka. Na Mjomba naye akafunguka kutoka kwenye ngazi, akajipachika katikati, mikono ameitandaza.

"Dada, subiri."

"Nisubiri nini? Imejaa?"

"Haijatajwa."

Mama alimwangalia mdogo wake. Mlango wa lifti ukajaribu kufunga, ukamgonga Mjomba kiuno, ukafunguka tena. Ukagonga tena. Hakusogea. Tulirudi dukani, Mama akakaa na gauni lake la bluu, na ibada ilipoanza akaimba nyuma ya wenzake kama kawaida.

Nilipanda kanisani kwenye kikao. Mimi mdomo wangu hauna komeo, kila mtu anajua, na Mjomba alinikaribisha kwa sura ya mtu aliyeona mbwa ameingia msikitini wakati yeye ni wa kanisani, hajui amfukuze au amwache. Meza ya kamati ilikuwa pale mbele, kando ya dirisha. Walikuwepo yeye, Mchungaji, na Mama Kwaya, yule kiongozi wa waimbaji, ambaye katika kila kikao huunga mkono aliyesema mwisho. Fundi wa lifti aliitwa kama shahidi.

"Kijana," Mjomba akaanza, "hiki chombo chako ndugu yake nani?"

"Ndugu yake?" Fundi alifikiri. "Ipo nyingine kama hii, benki."

"Katika Maandiko!"

Mama Kwaya akasema huenda ni ngazi ya Yakobo, malaika wakipanda na kushuka. Mjomba akasema hiyo ni ngazi, na ngazi tunazo, tena ndizo tunazokataa kuzitumia. Mchungaji akamtaja Eliya, aliyepandishwa juu na upepo wa kisulisuli.

"Alirudi?" Mjomba akauliza.

"Hapana."

"Basi hiyo siyo lifti. Fundi, hii yako watu wanarudi?"

"Wote, mzee. Mpaka sasa."

"Waliotaka kupanda juu kwa kazi ya mikono yao walikuwa wa Babeli. Na yaliyowapata mnayajua. Tukiipandia hii, kesho tutaamka hatuelewani."

"Hata leo hatuelewani," nikasema, nikaambiwa ninyamaze.

Nikasema sinyamazi. Nikamtaja yule mwenye kupooza, rafiki zake walivyotoboa dari wakamteremsha kwa kamba, na kitanda chake, mpaka miguuni pa Yesu. Hiyo ni nini kama si lifti? Mchungaji akaongeza kuwa hata Paulo aliteremshwa ukutani ndani ya kapu. Mjomba aliinamisha kichwa, akapiga hesabu zake. Na hapa niseme ukweli: mjomba wangu si mtu mbaya. Mtu mbaya ungemtukana ukamaliza. Yeye alikuwa anaogopa kweli, jasho linamtoka, anaogopa asije akafika mbele za Mungu na kipimo pungufu.

"Imeandikwa," akasema hatimaye. "Wameteremshwa. Kwa hiyo kushuka na lifti ni halali. Lakini yule mgonjwa aliporudi kwake alipita mlangoni kwa miguu yake. Kupanda hakujatajwa."

Hivyo ndivyo kanisa letu lilivyokuwa kanisa la watu wanaopanda kwa ngazi na kushuka kwa lifti. Kila Jumapili lifti ilipanda tupu, ikashuka imejaa. Fundi aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna mahali huko juu tunatengeneza watu. Nilipomweleza Mama uamuzi, alirudia polepole ili ahakikishe ameelewa.

"Yaani naruhusiwa kutoka mahali nisipoweza kuingia."

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie mjomba wako ahsante."

Haukupita muda, nikiwa napinda pindo, nikaona vijana wanasukuma spika mpya za kanisa, kubwa kuliko kabati. Wakaziingiza ndani ya lifti. Mjomba akiwa palepale, akielekeza kwa kidole. Zikapanda. Nilitoka dukani na mkasi mkononi, sikumbuki hata kama niliushika kwa makusudi.

"Mjomba! Spika zimetajwa wapi?"

"Weka mkasi, mwanangu. Spika ni mzigo. Mzigo hauna nafsi, haupandi wenyewe, unapandishwa. Hauna hatia."

Mama alisikia. Akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa upole wa kutisha, "Basi na mimi niandikeni mzigo."

Mngedhani mtu mzima angeona aibu. Wapi! Mjomba aliipokea kama hoja. Kamati ikakaa. Wakaniuliza uzito wa Mama, wakauliza kama ana mpini au mahali pa kushikia. Mwishowe ombi likakataliwa kwa huruma nyingi: akiandikwa mzigo angeruhusiwa kupanda, lakini mzigo hauruhusiwi kushiriki Meza ya Bwana, na ungewekwa nyuma pamoja na spika. Mchungaji alikuja mwenyewe kumweleza. Alisimama mlangoni anakunjakunja kofia.

"Mama yetu, tunakuombea sana."

"Najua, mwanangu. Huwa nasikia mnapofika kwenye 'amina.'"

Siku hiyo Mama hakuimba. Alikaa na Biblia yake yenye maandishi makubwa mapajani, akifunua kurasa kwa kidole kilicholowa mate. Akaendelea hivyo wiki nzima, wateja wakiingia na kutoka, mimi nikipima viuno vya watu pembeni yake. Mara moja alimpata Yusufu, aliyetolewa shimoni na ndugu zake, akafurahi, kisha akakumbuka kuwa alitolewa ili auzwe. Akaendelea. Nilikuwa nina shati la mtu kwenye cherehani aliponipigia fimbo mezani.

"Yeremia," akasema.

Alikuwa amemkuta kwenye lile shimo la matope, wakamvuta kwa kamba mpaka juu. Juu! Hakupaa, hakuuzwa, hakurushwa na upepo. Alipandishwa na watu, akiwa hai, na akabaki mtu wa Mungu. Nilimtuma jirani akamwite Mjomba, na Mjomba akaja mbio. Alisoma amesimama. Kisha akasoma ameketi. Machozi yakamlengalenga, na nakwambia yalikuwa machozi ya furaha, maana na yeye alikuwa akimtafutia dada yake njia siku zote. Tatizo ni kwamba hakutafuta nje ya ile sheria yake.

"Dada, umepata ndugu! Lifti imepata ndugu! Utapanda!"

Wakakumbatiana. Mimi nikapiga vigelegele peke yangu. Furaha yangu ilidumu mpaka Mjomba alipovaa miwani yake isiyofutwa akarudi kwenye mistari.

"Ila lazima tufuate yote. Imeandikwa, alitiwa matambara makwapani."

"Matambara ninayo," nikasema haraka. "Hapa ni kwa fundi nguo."

"Na imeandikwa, watu thelathini."

"Watu thelathini wa nini?"

"Walioamriwa wakamtoe. Thelathini. Siwezi kupunguza, mwanangu. Mimi nani nipunguze?"

Basi Jumapili ile wanaume thelathini wa kanisa letu walijazana mbele ya duka langu, kwenye korido na kwenye vidato vya chini vya ngazi, wamefunga vifungo vyao vyote. Mjomba aliwahesabu, wakapungua mmoja, akajihesabu mwenyewe. Mama alisimama katikati na gauni la bluu, makwapani nimemtilia vipande viwili vya kitambaa cha pazia, mikono imemkaa mbali na mwili kama kuku aliyelowa. Hakulalamika. Alikuwa anatabasamu. Kiti chake kilikuwa juu kinamngoja.

Fundi wa lifti ndiye aliyeharibu. "Jamani," akasema, "hii inabeba wanane."

"Ishirini na watatu wabaki nje," mtu mmoja akapendekeza.

"Waliobaki nje hawakumtoa," Mjomba akasema. "Watakuwa watazamaji."

Wakaanza kubishana. Kuna aliyesema wapande kwa zamu na Mama apande kila zamu mpaka watimie thelathini. Kuna aliyesema ifungwe kamba kwenye lifti, ipite ngazini, wote washike, hata kama hawavuti. Kamba ikatafutwa. Fundi akasema akiona kamba kwenye mashine yake anaondoka. Mchungaji akasema pande zote zina ukweli. Na muda wote huo ule mlango ulikuwa unafunguka, taa inawaka, hakuna anayeingia, unafunga. Unafunguka, unafunga. Juu, kwaya ikaanza wimbo wa kwanza bila sisi.

Niliona tabasamu la Mama linaondoka. Halikuondoka ghafla. Aliwaangalia wale wanaume mmoja mmoja, mabega yao, mikono yao, shingo za vijana wabeba spika. Kisha akachomoa tambara la kwapa la kushoto, akachomoa la kulia, akanipa.

"Mdogo wangu," akasema.

Mjomba akageuka.

"Hapa mko wangapi?"

"Thelathini, Dada. Nimehesabu mwenyewe."

"Thelathini. Na mimi ni mmoja, tena nimekonda." Alijikalia kwenye kiti changu cha kushonea, taratibu, goti likalia. "Lifti haijatajwa, sawa. Mjane kama mimi je, hajatajwa? Mimi nimejikuta humo kila nilipofunua. Nilikuwa natafuta lifti, najikuta mimi."

Mjomba akafungua mdomo, Mama akaendelea.

"Mama yetu alipofariki ulikuwa hujaota hata jino. Nilikubeba mgongoni mpaka yakaota yote. Nilikwenda na wewe kisimani, nilikwenda na wewe shuleni ukanikojolea darasani, watoto wakanicheka." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilipokubeba, uliniuliza mstari?"

Mjomba alivua koti, akalitundika kwenye mpini wa mlango wangu, akainama akashika mguu mmoja wa nyuma wa kile kiti, upande mzito. Vijana wa spika wakashika mingine. Kiti kikainuka na Mama juu yake, fimbo mapajani, nikapiga kelele wasimwegemeze nyuma, na mara hii sikuwa namfikiria kuhani Eli.

Ngazi za jengo lile ni nyembamba na zinanuka sabuni ya sakafu. Waliobeba waliguna, waliofuata walishauri, kama ilivyo kawaida ya dunia. Kila ghorofa walibadilishana, ila Mjomba alikataa kubadilishwa. Ghorofa ya nne uso ulikuwa umemwiva, miwani imejaa jasho, haoni hata kwa fumbo. Mchungaji alishika mguu wa mbele ghorofa ya tano, akateleza, akasema neno ambalo nalo halijatajwa popote. Kadiri tulivyopanda, wimbo ulikuwa unakuja kutulaki, unapata maneno, unapata sauti za watu tunaowajua. Kwenye kona ya mwisho Mama akaingia kati ya ubeti. Safari hii alikuwa sawa na wenzake, neno kwa neno. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba matambara, nikalia hadharani, sikutafuta sindano yoyote.

Tulipoingia, kando ya dirisha, mahali pa kiti chake, tulikuta ile meza ya kamati.

"Isogezeni," Mama akasema, ikasogezwa.

Ibada ilikwisha. Watu wakaelekea kwenye lifti, maana kushuka ni halali. Mjomba, ambaye alikuwa ameketi kwa upande mmoja wa tako tangu mahubiri, alimwinamia dada yake kwa heshima zote.

"Dada, twende. Kushuka kumetajwa."

Mama alijiweka sawa kwenye kiti changu, akaweka fimbo mapajani.

"Nishusheni mlivyonipandisha," akasema.

Wakamshusha, ghorofa zote saba, na kushuka na kiti kwenye ngazi nyembamba ni kubaya kuliko kupanda, muulizeni Mjomba. Kesho yake kamati iliitwa kwa dharura. Kikao kilikuwa kifupi kuliko vyote. Lifti ilihalalishwa, kupanda na kushuka, kwa watu wote, bila matambara. Aliyeleta hoja ni Mjomba mwenyewe, amesimama kwa sababu hawezi kukaa, mikono yote miwili imeshika kiuno. Hakuna aliyemuuliza mstari.